Pikapu ya Hezekiah na Amina ya Mwisho

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Asubuhi hii kuna ukungu mzito. Mvua ya rasharasha imenyesha tangu alfajiri, na majani chai yamelowa.

Maneno hayo yako kwenye daftari langu. Mwalimu wetu, Moureen, alitufundisha kuanza kila ukurasa kwa tarehe na hali ya hewa. "Kazi isiyo na tarehe sisahihishi," husema, na kweli hasahihishi.

Mimi naitwa Phyllis. Watu wengi huniita Mama Weldon. Nina miaka hamsini na sita. Nilianza darasa la jioni miaka miwili iliyopita, katika ukumbi wa kanisa letu karibu na Silibwet. Namshukuru Mungu kwamba sasa ninasoma. Ninasoma polepole, kwa kidole, lakini ninasoma.

Siku ile niliandika mistari yangu mapema. Kisha nikakama ng'ombe wetu mmoja, nikapika chai. Mume wangu, Hezekiah, alikuwa ameketi mlangoni.

"Ukungu bado uko?" aliuliza.

"Uko. Hata pikapu siioni vizuri."

"Basi leo mimi na wewe tuko sawa," alisema, akacheka.

Hezekiah alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kwake yeye ukungu haukuisha hata saa sita mchana. Kwa miaka kumi na moja alibeba maziwa ya majirani kwa pikapu yake, kutoka milimani hadi kituo cha kupozea maziwa. Mwaka jana aligonga ukingo wa daraja. Hakuna aliyeumia. Alirudi nyumbani polepole, akaegesha gari chini ya paa la mabati, akanipa ufunguo. "Sitaendesha tena," alisema. "Nitaua mtoto wa wenyewe."

Daktari wa macho kule Kericho alisema macho hayo yanaweza kutengenezwa. Alitupa siku ya upasuaji, Jumanne tarehe 25 Machi. Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na pikapu. Tuliomba juu ya jambo hilo wiki nzima, kisha tukakubaliana tuiuze. Pesa za kwanza zingekuwa za macho. Zitakazobaki zingenunua ng'ombe wa pili wa maziwa, kwa sababu gari ndilo lililokuwa likitulisha. Hatukuwa na kitu kingine cha kuuza ila shamba, na shamba ni la watoto.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa amekuja Ijumaa iliyotangulia. Jina lake Gekara. Ni mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Sotik. Aliingia chini ya gari kwa mgongo, akatoka na matope mpaka kwenye masikio.

"Mzee, gari ni nzuri," alisema. "Lakini inanuka maziwa. Ndizi zangu zitadhani zimezaliwa kwa ng'ombe."

Tulicheka. Walipatana bei ya shilingi laki nne na elfu ishirini. Hezekiah akavua kofia.

"Basi tuombe tufunge," alisema.

Ni lazima nieleze jambo hili. Kwetu, ukiuza ng'ombe au gari, mnafunga kwa maombi. Mnainamisha vichwa, mtu mmoja anaomba, wote mnasema amina. Baada ya amina, mambo yamekwisha. Kurudi nyuma baada ya amina ni aibu. Hata kuuliza maswali ni aibu, maana ni kama unamwambia mwenzako kwamba maombi yake hayana uzito.

Gekara hakuvua kofia. Alijikuna shingo.

"Mzee, usinielewe vibaya," alisema. "Tuombe baraka sasa kama unataka. Lakini ya kufunga tuiache. Jumatatu twende benki yenu pamoja. Nihamishe pesa mkiona. Ziingie, tubadilishe jina la gari, ndiyo tufunge."

Uso wa Hezekiah ulibadilika. Alirudisha kofia kichwani. Gekara alipoondoka, Hezekiah alisema, "Umemsikia? Ati maombi yangoje benki! Mtu kama huyo simuuzii."

"Hakukataa kuomba, Baba Weldon," nilisema.

"Amekataa. Wachana na yeye."

Nami nikaachana na yeye. Lakini namba yake nilikuwa nimeiandika daftarini.

Jumapili jioni simu ya Hezekiah ililia. Mtu alisalimia kwa Kipsigis kizuri, lugha yetu ya nyumbani. Alijiita Kipruto. Alisema amesikia habari za pikapu kutoka kwa watu wa kanisa. Hakubishana juu ya bei. Aliongeza mwenyewe elfu thelathini, ati kwa ajili ya matibabu ya mzee. Aliomba tu namba ya akaunti yetu ya maziwa, ile tunayotumia mimi na Hezekiah, ili aweke pesa kabla ya kuja. Hezekiah akampa.

Basi Jumatano hiyo ya ukungu, kama saa nne asubuhi, Kipruto alifika. Alikuwa amevaa koti safi, na Biblia iko kwapani. Dereva aliyemleta alibaki barabarani.

"Chamgei, mzee. Chamgei, mama," alisalimia.

Tulimkaribisha ndani. Nilimpa chai. Alitoa karatasi mfukoni na kuiweka mikononi mwa Hezekiah.

"Hiyo ni slipu ya benki, mzee. Jana alasiri nimeweka laki nne na nusu kwa akaunti yenu. Shika hapo. Huo ni muhuri."

Hezekiah aliisogeza karatasi karibu na pua. Macho yake hayakuona maandishi, lakini muhuri mkubwa wa buluu aliuona.

"Ni muhuri wa benki," aliniambia. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu.

"Tumshukuru Mungu," alisema Kipruto. Akasimama, akaomba.

Sitasema uongo. Aliomba vizuri sana. Aliombea boma letu, mvua na majani chai. Aliyaombea macho ya Hezekiah, moja moja, la kulia na la kushoto, mpaka machozi yakanitoka. Tulisema amina sote watatu.

Kisha akatoa karatasi nyingine na kikopo kidogo cha wino.

"Haya ni makubaliano. Nimeyaandika kwa Kiswahili ili msisumbuke. Mzee atie dole, mama anipe ufunguo na ile logbook ya gari, niende. Mvua isinikute njiani."

Hezekiah hajawahi kujifunza kuandika. Kila karatasi ya maisha yake ameitia dole gumba. Alinyoosha mkono, Kipruto akampaka wino. Dole lilikuwa limeshakuwa la buluu niliposema, "Ngoja nisome kwanza."

"Mama, ni maneno ya kawaida tu," alisema Kipruto.

"Ndiyo ninayoyaweza, ya kawaida."

Niliweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nilisoma jina la mume wangu. Nilisoma namba ya gari. Kipruto alitazama saa yake mara mbili. Nilifika mstari wa tano, nikausoma kwa sauti. "Mimi muuzaji nimepokea malipo yote, na sina dai lolote."

"Tumepokea lini?" niliuliza.

"Si hiyo slipu, mama? Na muhuri mmeuona."

"Phyllis," alisema Hezekiah kwa sauti ya chini. Huniita Phyllis akikasirika. "Tumeshaomba."

Niliona haya mbele ya mgeni. Nilisema ninakwenda kuleta mursik, maziwa yetu ya mgando, maana mgeni hawezi kuondoka bila kuonja maziwa ya nyumba. Nilichukua slipu ile pamoja na simu, nikaingia jikoni.

Nilimpigia Ogola. Ogola ni mwanafunzi mwenzangu katika darasa la jioni. Asili yake ni upande wa ziwa. Ni askari wa mlangoni katika benki yetu mjini Bomet, na amesimama hapo miaka minane.

"Mwanafunzi mwenzangu!" alisema. "Kazi ya nyumbani imekushinda? Mimi ndio nakunywa chai, nina dakika tano."

Nilimweleza haraka, kwa kunong'ona.

"Slipu iko mkononi? Angalia chini ya namba ya akaunti. Kuna visanduku viwili. Alama iko wapi, cha kwanza ama cha pili?"

"Cha pili."

Nilisikia akiweka kikombe chini. "Mama Weldon, hicho ni kisanduku cha hundi. Cheki. Huyo mtu hajaweka pesa. Ameweka karatasi."

"Lakini kuna muhuri."

"Muhuri unasema benki imepokea karatasi. Hausemi benki imepata pesa. Hundi inaweza kuchukua siku moja ama mbili za kazi, na inaweza kurudi bila kitu. Usimpe ufunguo. Mwambie akingoja kidogo hakuna kitu kitaoza."

"Tumeshaomba, Ogola. Ya kufunga."

"Basi fungueni!" alisema. "Mungu hatakasirika kwa sababu umeuliza benki."

Nilisimama jikoni na kibuyu cha mursik. Niliomba kimoyomoyo, maneno machache tu. Bwana, nipe ulimi wa upole. Kisha nikarudi.

Nilimmiminia mgeni maziwa. Nilimpa kwa mikono miwili. Halafu nikasema, "Kipruto mwanangu, asante kwa maombi. Ufunguo utakaa kwangu mpaka hundi yako ikubaliwe na benki. Siku hiyo njoo uchukue gari lako, nami nitakuchinjia kuku."

Kikombe kilisimama mdomoni mwake.

"Mama, kwani unatilia shaka maombi?"

"Hapana. Maombi tumemwomba Mungu. Habari za pesa nitaiuliza benki."

"Mzee, unasikia mama akituaibisha?"

Hezekiah aligeuza uso upande wa sauti yangu. Dole lake la buluu lilikuwa bado limenyooka. Nilijua anaumia. Upasuaji wa macho yake ulikuwa katika karatasi ile, na ng'ombe wetu wa pili, na siku za mbele.

"Mama Weldon," aliniuliza polepole, "umesoma mwenyewe?"

"Nimesoma mwenyewe. Imeandikwa kwamba umeshalipwa."

Hezekiah aliurudisha mkono na kuuweka juu ya goti.

"Basi tungoje benki," alisema.

Kipruto alisema hana muda wa kuchezewa. Alisema kuna mwingine anauza pikapu kama hii kule Kedowa, tena kwa bei ya chini. Alichukua karatasi ya makubaliano na wino wake. Slipu aliisahau, kwa maana ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Maziwa hakumaliza.

Mchana ule Hezekiah hakusema na mimi. Alikaa karibu na pikapu, akisugua dole lake kwa kitambaa. Wino haukutoka.

Saa kumi jioni nilikwenda darasani. Tulikuwa kumi na wawili kwenye mabenchi. Ogola alifika akiwa bado na sare yake ya kazi. Mwalimu Moureen aliposikia kisa chetu, alifunga kitabu.

"Leo hatusomi kitabu," alisema. "Ogola, chukua chaki."

"Mimi? Mwalimu, juzi umenipa tano kwa ishirini!"

"Katika hili wewe ndiye mwenye ishirini."

Ogola alikwenda mbele. Alichora nyumba ndogo, akasema hiyo ni benki. Alichora mtu mlangoni, mwenye tumbo kubwa, akasema huyo ni yeye. Tulicheka. Kisha akawa si wa mzaha tena.

"Mimi huwaona wakitoka," alisema. "Mtu ameuza gari. Ameambiwa pesa iko kwa akaunti. Anaenda dirishani, anaambiwa hundi imerudi. Gari imeenda, jina limebadilishwa. Namfungulia mlango akitoka, na sina neno la kumwambia. Mwaka jana mmoja aliketi hapo kwa ngazi mpaka tukafunga."

"Lakini kwa nini benki isimwambie mapema?" aliuliza Jerusa. Yeye huuza mboga sokoni, na huketi karibu nami.

"Hakuuliza. Alikuwa na slipu, akatosheka. Hundi ni mtu kusema, nendeni mkachukue pesa kwa akaunti yangu. Benki inaenda kuangalia. Labda akaunti haina kitu. Labda ilifungwa kitambo. Labda hundi yenyewe ni ya wizi. Mpaka benki imalize kuangalia, wewe bado hujalipwa."

"Na hundi inayoandikwa na benki yenyewe? Nasikia hiyo ni nzuri," Jerusa aliuliza tena.

"Ni nzuri ikiwa ya kweli. Siku hizi hata hiyo watu wanatengeneza, na nembo na kila kitu. Ukipewa, usipige simu kwa namba iliyo kwenye karatasi, kwa sababu mwizi anaweza kuandika namba ya ndugu yake. Nenda benki yako, waulize wao, na ungoje."

Jerusa hakuwa ameridhika. "Mimi hulipwa kwa simu. Ujumbe ukiingia, natoa mboga."

"Kwa sukuma wiki ya shilingi hamsini sawa. Hata hiyo, ujumbe ni maandishi tu, Jerusa. Mimi nikitaka naweza kukuandikia sasa hivi kwamba umepokea milioni. Utakuwa na milioni?"

"Nitakuwa na kichwa kinauma."

"Basi usisome ujumbe ukaridhika. Fungua salio mwenyewe, kwa namba yako ya siri, uone kama limeongezeka. Na hiyo namba ya siri usimpe mtu. Wala ile namba fupi inayokuja kwa simu wakati wa kubadilisha jina la gari. Atasema ni yake, imekuja kwako kwa makosa. Usimpe."

"Na mtu akileta noti?" niliuliza.

"Noti mpokee ndani ya benki, si nyumbani. Pale dirishani kuna mashine ya kuhesabu na kutambua noti bandia. Na hutarudi kijijini na laki nne kwa kikapu, kila mtu akikutazama. Lakini njia ninayoipenda ni kuhamisha, akaunti kwa akaunti, nyinyi wote mko hapo. Dada wa dirishani akuchapishie salio. Ukiona imeingia na anasema ni yako, sasa toa ufunguo. Siyo kabla."

Nilikumbuka mtu mwenye matope masikioni. Nilijisikia vibaya.

"Gekara wa Sotik alisema hivyo hivyo," nilisema. "Nasi tukamwona ni mtu asiye na Mungu."

Mwalimu Moureen alisema, "Namba yake unayo?"

Lakini sikupiga simu siku hiyo. Bado kulikuwa na hundi ya Kipruto. Ingekuwa dhambi kumhukumu kabla ya benki.

Ijumaa asubuhi mimi na Hezekiah tulikwenda Bomet. Ogola alitufungulia mlango kama wageni wakubwa. Dada wa dirishani alitazama vitambulisho vyetu, akatazama slipu, akatazama kompyuta yake.

"Hundi hii imerudi jana, mzee," alisema kwa upole. "Akaunti iliyoandikwa ilifungwa zamani. Pole. Mlikuwa mmeshatoa kitu?"

"Hapana," nilisema.

"Mshukuruni Mungu. Nendeni polisi mwandikishe, na hiyo slipu muwe nayo."

Tulikwenda kituo cha polisi, tukaandikisha. Simu ya Kipruto haikupatikana tena. Askari alisema jina hilo huenda si lake.

Tulipofika nyumbani Hezekiah aliketi kwenye kiti chake mlangoni.

"Mama Weldon, niambie," alisema. "Yale maombi yake Mungu aliyasikia?"

Nilivuta kigoda, nikaketi karibu naye.

"Aliyasikia. Mtu yule aliomba macho yako yapone, na boma letu lilindwe. Pikapu si hii hapa?"

Hezekiah aliinuka, akapapasa njia mpaka kwenye gari, akagusa bodi yake. Kisha akasema, "Mpigie yule wa ndizi. Mimi nitaongea."

Nilitafuta namba daftarini, nikapiga. Niliogopa. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya upasuaji, na huenda Gekara alikuwa amenunua gari lingine. Hezekiah alishika simu kwa mikono miwili.

"Gekara, ni mimi, Hezekiah wa Silibwet. Nilikukosea. Nilidhani unadharau maombi. Umeshapata gari?"

Nilisikia kelele za soko, halafu sauti ya Gekara.

"Mzee, nimeangalia tatu. Moja haina breki, moja haina karatasi, moja mwenyewe hana adabu. Bado nataka yako. Lakini bei ni ile ile, na pesa itapita benki!"

"Itapita benki," alisema Hezekiah. "Hata mimi sasa sitaki ipite kwingine."

Jumatatu tarehe 17 tulikutana Bomet. Gekara alikuwa na akaunti katika benki ile ile, kwa hiyo kazi haikuwa ndefu. Kwanza tulisoma makubaliano. Niliyasoma kwa sauti, neno kwa neno, na watu wa foleni wakasikiliza. Yalitaja majina yetu, namba za vitambulisho, namba ya gari, bei, na kwamba pesa zitalipwa siku hiyo kabla ya gari kutolewa. Yalitaja pia kwamba gari linanuka maziwa. Hilo Gekara alitaka liandikwe.

Kisha Gekara akasimama dirishani, akahamisha pesa. Dada akatuita.

"Mama, njoo uone."

Alinichapishia karatasi ya salio. Niliweka kidole changu juu yake. Kisanduku cha hundi hakikuwepo. Pesa ilikuwa pesa, na ilikuwa kwetu.

"Imeingia kabisa? Hairudi?" niliuliza, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kuuliza.

"Imeingia kabisa, mama. Hata sasa hivi ukitaka kutoa, toa."

Hezekiah akatia dole kwenye makubaliano. Tulikwenda kwenye duka la kompyuta lililo karibu, tukabadilisha jina la gari kwenye mtandao wa serikali. Namba fupi ilipoingia kwa simu yetu, niliiandika mwenyewe kwenye mashine, bila kuitaja kwa sauti. Gekara aliangalia pembeni, kwa heshima.

"Nisipobadilisha jina leo," alimwambia Hezekiah, "nikigonga mtu kesho watakuja kwako. Hiyo hutaki, na mimi sitaki."

Tulirudi kwa pikapu, iliyokuwa imeegeshwa mbele ya benki. Mtoto wetu Weldon ndiye aliyeileta asubuhi. Ogola alikuwa mlangoni pake. Gekara akavua kofia yake, akaikunja mfukoni.

"Mzee, sasa tufunge," alisema. "Na uombe wewe."

Hezekiah aliomba. Aliomba kwa ufupi, maana barabara ilikuwa na kelele. Aliombea magurudumu, ndizi na watoto wa Gekara. Tulisema amina, na Ogola mlangoni akasema amina yake kwa sauti kuliko sisi. Baada ya amina hiyo nilimpa Gekara ufunguo.

Jumanne tarehe 25 Hezekiah alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Siku iliyofuata walimtoa bendeji. Alinitazama kwa muda.

"Umezeeka, Mama Weldon," alisema.

"Na wewe je? Ngoja nikuletee kioo."

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jicho la kushoto watalifanya mwezi wa Mei, na pesa zake ziko. Ng'ombe wa pili tumeshamnunua. Ni mweupe mwenye madoa, na ni mkaidi.

Jumatano, tarehe 9 Aprili 2025. Asubuhi hii kuna jua, na vilima vya chai vinaonekana mpaka mbali. Niliandika hivyo, na jioni nikaenda darasani. Hezekiah alinisindikiza. Nilidhani atarudi nyumbani, lakini aliingia ukumbini nyuma yangu, akavua kofia, akaomba ruhusa ya kusema.

"Mwalimu, miaka miwili nimemcheka mke wangu," alisema. "Nilisema, mwanamke wa miaka hamsini anajifunza a, e, i, o, u, atamsomea nani? Sasa nimeona. Alinisomea mimi."

Mwalimu Moureen alimwonyesha nafasi kwenye benchi karibu na Ogola. Ogola akasogea. Lakini Hezekiah hakuketi. Aliinua mkono wake wa kulia, na sote tukaliona lile dole gumba, safi sasa, pana, lenye makovu ya kazi.

"Nyinyi ni mashahidi wangu," alisema. "Mimi Hezekiah naahidi mbele ya Mungu, mbele ya mke wangu na mbele yenu. Kitu changu hakitatoka bomani kabla sijaona kwa macho yangu kwamba pesa imeingia. Amina ya kufunga itakuja mwisho. Na dole hili halitagusa tena karatasi ambayo mimi mwenyewe sijaisoma."